Ujumbe Uliotangulia Picha

Waliokuwepo chumbani siku ya jaribio la kwanza walikuwa hawa: Mkurugenzi, ambaye hata mkewe alimwita Mkurugenzi; Jicho, mpiga picha, mwembamba na mwenye maneno mengi; Dada, fundi cherehani, mjane, aliyetakiwa kufundisha ushonaji mbele ya kamera; na mdogo wake, mtaalamu wa kompyuta, aliyeitwa Kufuli kwa sababu hakuacha droo wala mlango wazi. Hao ndio walioonekana.

Kufuli alikuwa ametengeneza mfumo wa gumzo kwa ajili ya darasa hilo la moja kwa moja. Mkurugenzi hakutaka kuazima mfumo wa watu, alitaka wake. Watazamaji wangeandika maswali, ujumbe ungetokea kwenye skrini ya ukutani, na Dada angesoma jina la mwandishi, kumkaribisha, kisha kumjibu. Asiye na jina alikataliwa. Kufuli aliliandika sharti hilo mwenyewe na kulijaribu mpaka likamchosha.

Kwa hiyo ulipotokea mstari wenye nafasi tupu mahali pa jina, alikunja uso kama mtu aliyekanyaga maji akiwa amevaa soksi.

Ujumbe ulisema: *Sindano itakatika.*

"Nani huyo?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hakuna mtu. Kuna kosa mahali."

"Kosa linajua kuandika?"

Dada hakuwahi kuacha salamu ya mtu ipite bure. Alitabasamu kwenye kamera. "Karibu, mgeni wetu usiye na jina. Kaa, jisikie nyumbani."

Cherehani ikanguruma, na sindano ikakatika vipande viwili.

"Ni saa za mitambo," alisema Kufuli. "Hazijapatana. Mtu kaona, kaandika, sisi picha ikatufikia mwisho."

"Picha gani, kaka?" Jicho alicheka. "Sisi tuko hapa hapa. Sindano imekatika mbele ya pua yangu."

"Shika kamera yako, Jicho."

Kufuli alilifumua sharti la majina, akaliandika upya. Jaribio lililofuata, mstari mtupu ulirudi: *Mkasi utaanguka.* Ukaanguka. Akabadilisha seva. *Taa.* Taa zikazimika. Kila alipoziba tundu, mgeni alipita kwenye ukuta, naye Kufuli alizidi kuwa mkali, akimkaripia Jicho kwa kukohoa na kuigombeza kibodi kama punda aliyegoma. Dada peke yake hakukasirika. Alijizoesha kuutazama mstari huo kabla ya kugusa kitu, na akiambiwa uzi utatata, alibadilisha uzi.

"Angalau huyu anasikiliza somo," alisema.

"Dada, usimjibu. Unanivurugia kazi."

"Kazi yako imevurugika kabla sijafungua mdomo, mdogo wangu."

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya kitambaa kibichi kilichoungua chini ya pasi, nayo ilijaa chumbani wakati pasi ilikuwa baridi mezani, waya wake umeviringwa, haujachomekwa. Na nyuma ya pazia jeusi walilotundika kuzuia jua, palisikika vidole vikigonga kibodi taratibu, kimoja kimoja, kama vya mtu anayejifunza kuandika, na Jicho alipolivuta pazia hakukuwa na kitu ila ukuta na alama ya unyevu.

Siku iliyofuata Jicho alikuja na mzee mmoja wa mtaani kwao, aliyeitwa Maalimu. Mzee alikaa, akavuta pumzi puani, akasikiliza.

"Anamsemesha nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Dada tu," Jicho alinong'ona. "Mimi hajawahi kunisemesha."

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi, baba," alisema Dada.

"Basi kaa naye kwa heshima. Hajaja kukuumiza. Hii harufu si yake, anaionyesha tu. Nitarudi Ijumaa nimwombe aende zake. Mpaka siku hiyo, msimzibe mdomo."

"Tumekusikia, mzee," alisema Mkurugenzi, akamsindikiza hadi mlangoni kwa adabu zote. Aliporudi alimvuta Kufuli kwenye korido.

"Ufunguzi ni Alhamisi. Watu wataingia kwa maelfu. Nikiona huyo mpiga ramli wako kwenye skrini, nafuta kipindi, na dada yako arudi kwenye kibanda chake."

"Kibanda alishakiachia, Mkurugenzi. Kwa ajili ya kazi hii."

"Ndiyo maana nakuambia wewe."

Kufuli hakulala vizuri, lakini alipata njia. Tangu mwanzo mfumo wake ulizuia kila ujumbe kwa sekunde chache, ili mwenye mtandao wa kasi asimsimulie mwenye mtandao wa kinyonga jambo ambalo hajaliona. Hakuweza kumfukuza asiye na jina, kwa kuwa hapakuwa na jina la kufukuza. Lakini aliweza kumchelewesha. Aliongeza muda wa kuzuia hadi dakika mbili, kwa wote, kwenye skrini zote. Atabiri atakavyo; utabiri ungefika jambo likiwa limepita.

Alhamisi, kila kitu kilikwenda sawa. Watazamaji walimiminika, Mkurugenzi alipiga makofi bila sauti, na mstari mtupu ulipotokea kusema kifungo kitapotea, kifungo kilikuwa kimepotea zamani, na watu wakacheka wakidhani ni mzaha, hata Mkurugenzi.

Wakati wa mapumziko mafupi Dada alimwinamia mdogo wake. "Mgeni wangu anachelewa leo. Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu. Amechoka mwenyewe."

"Haya."

Somo la mwisho lilikuwa la kupiga pasi mshono. Kufuli, macho yakiwa kwenye kompyuta yake, aliona mstari usio na jina ukiingia kwenye foleni ya kusubiri, kisha mwingine, kisha mingine mfululizo, ikisukumana, na hakuisoma, kwa sababu alikuwa amechoka kuisoma, amechoka kukosolewa na kitu ambacho hakikuwa na haki ya kuwepo. Na ile harufu ikapanda tena, nzito kuliko siku zote, na nyuma ya pazia vidole vikagonga kwa kasi, vikagonga kama mvua juu ya bati, mpaka Jicho akageuza shingo na kamera ikayumba, na Dada, aliyekwisha kunyoosha mkono, akausimamisha hewani, akatazama skrini ya ukutani kama alivyozoea, akasubiri, akaona haina neno lolote kwake, akaishika pasi iliyokuwa imechomekwa.

Umeme ulipomnasa, Jicho ndiye aliyeuchomoa waya. Walikuwa bado wamepiga magoti kando yake, wakimwita, ujumbe ulipotokea ukutani na kwa watazamaji wote kwa pamoja, mfumo ukifanya kazi kama ulivyotengenezwa.

*Dada, usiishike pasi.*

*Dada, usiishike.*

*Dada.*

Maalimu alirudi Ijumaa na kukuta mlango umefungwa. Dada alifariki Alhamisi jioni, hospitalini.