Nyota Iliyomwapisha Mubkhut

Gari liliwafia mchangani jua likizama, giaboksi imesagika kama karanga. Mubkhut na shemeji yake Salmin walikuwa mbali kaskazini mwa mahema yao, wakisaka ngamia waliopotea, na maji hayakufika nusu dumu. Salmin alikuwa ameungua kiganja kwa mvuke wa rejeta, ngozi inambanduka.

"Tutembee usiku," alisema Mubkhut. "Mchana utatukaanga. Nyumbani ni kusini, kule nyota ya Suheli inakochomoza."

Wakaketi kuisubiri. Kwetu, joto likianza kulegea, kila mtu anaitafuta Suheli, na kila mwaka watu wanagombana, maana inatanguliwa na nyota nyingine nyeupe, upande uleule. Wazee waliiita hiyo inayotangulia Mwapishaji, kwa jinsi inavyowafanya watu waape. Nyota nyeupe ilipochungulia juu ya tuta, Mubkhut akainuka.

"Ile pale."

"Mapema mno, shemeji. Suheli siku hizi inatoka saa nane usiku."

"Nani kakufundisha nyota, simu yako?"

"Marehemu baba. Tungoje."

"Tungoje maji yaishe? Dada yako Tuful kaachika, talaka tatu, kama ile si Suheli."

Salmin akachukua dumu. Mume akishamtia dada yako kwenye kiapo, kuendelea kubisha ni kumsukuma dada mwenyewe kwenye talaka. Wakaondoka.

Walitembea kwa saa tano. Mchanga ulimeza vifundo vya miguu. Nyota iliteleza kulia taratibu, nao wakapinda nayo. Maji waliyanywa kwa kifuniko cha dumu. Kisha, upande wao wa kushoto, kitu kikubwa kikawaka chini kabisa, mara chekundu, mara cha kijani. Ukishaiona Suheli yenyewe huulizi tena.

"Usiseme," alisema Mubkhut.

"Sijasema."

Wakageuka. Kulipokucha dumu lilikuwa kavu. Jua lilipopanda, Mubkhut alikuwa akitambaa, ulimi umekauka kama kipande cha ngozi, Salmin akimvuta mkanda kwa mkono mzima. Adhuhuri mchunga ngamia mmoja akawaona, akawatonesha maziwa mdomoni, akawapakia garini kwake.

Njiani Salmin alinong'ona, "Tulikuwa wawili tu. Mimi sisemi."

"Nitalala naye vipi?"

Walipofika, Tuful alitoka hemani mbio na bakuli la maji. Mubkhut akasimama nje ya kamba za hema.

"Liweke chini."

"Umeumia mikono?"

"Liweke chini, Tuful. Niliapa kwa talaka yako. Nikakosea nyota."

Tuful akamtazama kaka yake. Salmin akawa anakagua kiganja chake. Tuful akaliweka bakuli mchangani polepole, lisimwagike.

"Nyota," alisema. "Miaka kumi na tisa, Mubkhut. Nyota."

Akaingia ndani. Hema kwetu ni la mwanamke. Kinachotupwa nje ni cha mume. Blanketi likaja kwanza, kisha bunduki, kisha birika. Mubkhut alitaka kuondoka kabla havijaisha, lakini kiu ilimshinda. Akapiga magoti akanywa bakuli lote, huku vitu vyake vikiangukia mbele yake, kimoja baada ya kingine.