Jua Lililotua Mashariki

Nanyama hakuwa na kamera. Hakuwa na simu, wala ramani, wala begi zuri la safari. Hakuwa na mjomba wa kumtembeza wakati wa likizo. Viatu vyake vilikuwa vile vyeusi vya shule, kimoja kimeshonwa ubavuni kwa uzi wa kijani. Zaidi ya hayo, alikuwa hajafika popote. Alizaliwa Eldoret, katika mtaa wa Pioneer, na katika miaka yake kumi na miwili safari yake ndefu ilikuwa moja tu, ya kwenda Bungoma kwenye mazishi ya babu yake.

Kila asubuhi aliamka mapema akapika chai. Mama yake, Linah, alikuwa ameshatoka kwenda kuuza mboga sokoni. Baba yake, Wepukhulu, fundi wa mawe, alikunywa vikombe viwili akiwa amesimama, akachukua mwiko wake wa saruji na timazi ya kupimia wima wa ukuta, akaenda kazini. Kisha Nanyama alifunga mlango, akaenda shuleni.

Muhula huo chama cha jiografia kilikuwa na jambo kubwa. Wanafunzi ishirini kutoka Voi walikuwa wanakuja kuuzuru mji kwa siku tatu. Mwalimu Chebet, mlezi wa chama, alikuwa amekubaliana na mwenzake wa Voi kwamba watoto waandikiane kwa mkono. Kila mwanachama angeandika barua ya kuwaeleza wageni mahali pa kutembelea. Barua bora ingetumwa Voi, na mwandishi wake angepanda basi pamoja na wageni, awaongoze kila mahali kwa siku zote tatu.

Nanyama aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Aliandika juu ya soko na juu ya mto Sosiani, lakini akaona haitoshi. Dukani kwa Mzee Mungai, muuza misumari na saruji, palitundikwa kalenda yenye picha ya bonde la Kerio likitazamwa kutoka mji jirani wa Iten, lote likiwaka rangi ya dhahabu. Basi akaandika: “Nilisimama ukingoni mwa Iten jioni moja, nikaliona jua likitua bondeni mbele yangu. Sitaisahau siku hiyo.”

Alhamisi Mwalimu Chebet, aliyekuwa amehamia shule hiyo muhula uliotangulia kutoka Kericho, aliisoma barua hiyo mbele ya wote. Darasa likapiga makofi. Ndiyo iliyochaguliwa, na Nanyama akapewa aipeleke nyumbani akainakili vizuri.

Walipokuwa wakitoka, Kiprop alimfuata. Kiprop aliishi kwa shangazi yake katika mtaa wa Kapsoya, mjini humo humo, lakini kwao kulikuwa Iten. Barua yake mwenyewe ilikuwa na mistari mitatu: “Njooni Iten. Ni pazuri. Mtaona.”

“Nanyama, hiyo jioni ulikuwa umesimama wapi?” aliuliza.

“Pale juu. Pale watu husimama.”

“Ukiangalia bonde?”

“Ndiyo.”

“Na jua likatua mbele yako.”

“Si nimeandika?”

Kiprop akacheka mpaka akashika ukuta. “Basi hilo jua lilipotea njia. Bonde liko mashariki. Jua hutoka huko asubuhi. Jioni linatua nyuma yako, huku Eldoret. Mimi nimezaliwa pale, siwezi kukosa.”

Nanyama akaikunja barua mara mbili.

“Usijali, bana,” Kiprop akasema alipomwona uso. “Badilisha neno moja tu. Andika jua lilichomoza. Hakuna mtu atajua.”

Jioni hiyo Nanyama alikaa mezani na kalamu. Alilikata neno “likitua” akaandika “likichomoza.” Kisha akaona kwamba “jioni” nayo lazima iwe “alfajiri.” Na kama ilikuwa alfajiri, alilala kwa nani Iten? Wageni wangeuliza. Angelazimika kumtafuta shangazi ambaye hayupo, na nyumba ya shangazi huyo, na siku aliyokwenda. Karatasi ilikuwa imechafuka na yeye hajamaliza hata mstari wa pili.

Baba yake aliingia, akaanza kunawa saruji mikononi, akauliza kwa nini amekunja uso. Nanyama akamweleza yote, hata ushauri wa Kiprop.

“Hata mimi sijafika Iten,” baba alisema. “Kutofika si aibu. Lakini wageni wakisimama pale ukingoni wakuulize njia, utanyoosha kidole upande gani?”

Akafuta mikono kwa kitambaa.

“Mwalimu anajua?”

“Hajui, Baba.”

“Kesho atajua kutoka kwako.”

Ijumaa, kabla ya kengele, Nanyama alikwenda ofisini akasema ukweli. Alitumaini mwalimu angesema si kitu. Mwalimu Chebet aliisoma tena barua, polepole, akaiweka kando. Alisema kwamba hawezi kuituma, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameipitisha bila kuuliza, jambo ambalo pia halikuwa sawa. Wote wangeandika upya kufikia Jumatatu, na Nanyama angeshindana kama mwingine yeyote. Habari ilienea kabla ya saa nne. Lynette, aliyekaa dawati la nyuma, alimuuliza kama na Kapsoya kuna bahari.

Jumamosi baba alikuwa na kazi ya kupima ukuta huko Kapsoya. Akamwambia Nanyama achukue daftari, waende kwa miguu.

Walitoka jua halijapanda. Barabarani Pioneer wakimbiaji walikuwa wakirudi kutoka mazoezini, kumi na zaidi, wakipumua kwa pamoja, mvuke ukiwatoka mabegani kwa baridi. Waendesha boda boda waliokuwa wakifuta pikipiki zao waliwaita kwa majina. Nanyama alikuwa amewaona watu hao kila siku ya maisha yake. Siku hiyo aliwahesabu, akaandika.

Baba alisimama mbele ya nyumba moja ya mawe, akapapasa kona. “Huu ukuta ni wangu. Mwaka uliozaliwa.” Mbele kidogo akasimama tena. “Na huu. Angalia dirisha la jikoni linatazama wapi. Eldoret ni baridi, mama wa nyumba anataka jua la asubuhi.” Nanyama akaangalia mtaa mzima, akaona ni kweli: madirisha mengi ya jikoni yalikuwa yameelekea upande mmoja.

Darajani juu ya Sosiani walisimama wakatazama maji ya kahawia yakipita kati ya mawe meusi. Sokoni palikuwa na kabichi kubwa kuliko kichwa cha mtu, viazi vyenye udongo mwekundu, na mama mmoja wa Kikalenjin aliyeuza mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Alimwonjesha Nanyama, akamuuliza anaandika nini. Alipoambiwa ni kwa wageni wa Voi, akasema waandikiwe kwamba wasipoonja mursik hawajafika. Kisha akamweleza kwamba wazee wa kwao bado huuita mji Sisibo. Linah, kwenye meza ya pili, akacheka na kusema binti yake amegeuka karani.

Kapsoya walifika mchana. Wingu lilitoka mashariki, mvua ikapiga mabati nusu saa, ikaacha. Mabati yote yakang’aa, na juu ya ua wa miti mvuke ukapanda taratibu. Nanyama alisimama barabarani na viatu vyake vilivyolowa, akatazama hadi baba alipomaliza kupima.

Jumatatu alisoma barua yake mwenyewe mbele ya wote. Ilianza na wakimbiaji wa Pioneer, ikapitia madirisha, mto, soko na mvua ya Kapsoya, ikamalizia: “Njooni na sweta. Tembeeni kwa miguu, na asubuhi. Hayo yote nimeyaona. Iten sijafika. Barua yangu ya kwanza ilisema nimefika, nayo haikuwa kweli. Kwa habari za Iten mwulizeni Kiprop.”

Kiprop alinyoosha mkono, akaomba aandike ukurasa wake upya. Akauandika saa ya mapumziko, kurasa mbili zikatoka.

Mwalimu Chebet aliweka barua zote mezani, akazisoma mara mbili, akachagua ya Nanyama, akaiunganisha na kurasa za Kiprop.

“Barua hii itatiwa sahihi mbili,” alisema. “Nanyama ataongoza mjini. Iten ataongoza Kiprop, na Nanyama atakuwa mgeni kama wengine. Kumbukeni jambo moja. Wageni watakwenda mnakowaambia, kwa sababu mmewaambia. Ukimwelekeza mtu, umebeba miguu yake. Basi mwambie ulichokiona, na usichokiona sema hujakiona. Na mji wenu mliozaliwa ndani yake, utazameni kwanza.”

Nanyama akatia sahihi. Kiprop akatia yake, kubwa, ikagusa ya mwenzake. Karatasi zikakunjwa mara tatu, bahasha ikapakwa gundi, na Nanyama akaibonyeza kwa viganja viwili mpaka ikashika. Saa kumi walikwenda na mwalimu Posta ya mjini, na Nanyama akaisukuma bahasha ndani ya sanduku.