Sauti ya Torsten

Sauti ya Torsten ilitoweka Alhamisi ya mwisho ya Novemba, wiki tano baada ya mwenyewe kufariki. Mjane wake, Solveig, alikuwa ametoka kufua nguo chini ya jengo lao mjini Sundsvall. Aliwasha kompyuta ya marehemu amsikilize kidogo kabla ya chakula, kama kawaida yake. Folda haikuwepo. Akampigia simu binti yake.

"Tuva, baba yako ametoweka."

"Unasema nini, mama?"

"Rekodi zake. Zote. Hata kwenye pipa la taka la kompyuta hazimo, nimeangalia."

Tuva alikuwa fundi wa kompyuta katika polisi, huko Härnösand. Kazi yake ilikuwa kufufua mambo yaliyofutwa na watu wenye sababu ya kuyafuta. Rekodi hizo alizijua. Katika wiki zake za mwisho, kila asubuhi, baba alikaa na kahawa yake akaisimulia kompyuta maisha yake. Tuva hakuwa amesikiliza hata moja. Kila siku alijiambia kesho.

"Izime sasa hivi," alisema. "Usifungue kitu, usihifadhi kitu. Chomoa waya. Nakuja."

Jioni ile, kwenye meza ya jikoni, aliitoa diski, akaiunganisha na kifaa kinachoruhusu kusoma tu, si kuandika, akaanza kuinakili. Mama yake alisimama nyuma yake kama ndugu wa mgonjwa kwenye mlango wa chumba cha upasuaji.

"Faili likifutwa halichomwi, mama. Kompyuta inabandua jina mlangoni tu, inatangaza chumba ni wazi. Mwenyewe bado yumo ndani, mpaka aje mpangaji mwingine."

"Na akija?"

"Hapo ndiyo basi."

Bahati yao ni kwamba Torsten alikataa katakata kununua kompyuta mpya. Diski yake ya kizamani haikuwa na haraka ya kufagia vyumba kama zile mpya.

Nakala ilipokamilika, Tuva alipata alama ya kwanza. Pipa la taka lilimwagwa Alhamisi hiyohiyo, saa tisa na dakika kumi na mbili mchana.

"Saa tisa ulikuwa wapi?"

"Unanihoji mimi?"

"Namhoji kila mtu."

"Nilikuwa chini, nafua. Saa nane mpaka kumi na moja. Kufuli letu liko ubaoni, nenda kaangalie."

Tuva alishuka kuangalia. Kando ya mlango wa chumba cha kufulia palikuwa na ubao wa zamu, na kila familia ilifunga kufuli lake dogo kwenye saa ilizochagua. Aliyeliona la Solveig alijua kwamba nyumba yake ingekuwa tupu saa hizo. Na wenye ufunguo wa nyumba hiyo walikuwa wawili tu: Jerker, mdogo wake Tuva, na Majken, dada wa marehemu, aliyekaa ghorofa ya pili.

Jerker alifika Ijumaa asubuhi, akavua viatu vyenye theluji mlangoni. Siku ya mazishi, kahawa ikiwa bado mezani, yeye ndiye aliyetamka mbele ya watu kwamba kompyuta ile angeipenda.

"Jana uliingia humu?"

"Saa sita. Nilichukua drili ya baba. Au drili nayo ina rekodi?"

"Kompyuta uliigusa?"

"Dada, mimi mdogo wako, si jambazi. Nilisema naitaka, sikusema nitamfuta mzee. Saa tisa nilikuwa juu ya paa la watu natoboa mabati. Mpigie bosi wangu, ukipenda mfunge pingu na yeye."

Tuva alipiga. Ilikuwa kweli.

Majken alipanda na sahani ya mikate ya zafarani, bado ya moto.

"Jana saa tisa, shangazi?"

"Nilikuwa kwangu, naoka. Na mimi na kompyuta wapi na wapi, mwanangu? Mashine zenyewe zinaniogopa."

Tuva alirudi kwenye nakala yake. Kitu kimoja kilimkereketa. Dakika mbili baada ya pipa kumwagwa, picha zaidi ya mia ziliingia kwenye diski kutoka kwenye kadi ya kamera. Mwizi gani huacha zawadi? Alizifungua moja moja. Zilikuwa za mazishi ya baba: maua, Jerker amebeba jeneza, mama ameshika kofia ya marehemu. Ukoo mzima ulikuwemo. Benchi la mbele tu lilikuwa na nafasi moja wazi, katika kila picha.

Aliwaita wote mezani. Alizipitisha picha polepole kwenye skrini yake.

"Shangazi, mbona wewe humo?"

Majken alikiweka kikombe chini.

"Kwa sababu kamera niliishika mimi," alisema. "Nilisikiliza rekodi moja, Tuva. Moja tu. Anakohoa, anaomba radhi, anaendelea. Nikasema, Solveig akisikiliza haya kila siku tutamzika na yeye. Nikazitupa kwenye pipa zikae huko mpaka theluji iyeyuke, halafu nizirudishe. Badala yake nikamwekea picha, aone watu walivyojaa. Mashine ikasema imejaa, ikauliza nimwage taka. Maisha yangu yote nikiambiwa kuna taka ya kutoa, natoa. Nilibonyeza kabla sijafikiri."

"Na hukusema," Jerker alisema. "Mwizi nikawa mimi."

"Dada yako alikuja na begi la polisi! Ningesema nini?"

 Solveig akasogeza kiti chake karibu na cha Majken.

"Wifi, kikohozi kile ndicho kinachonifanya nile. Nikikisikia, naona kama tumekaa mezani wawili."

Majken alifunika uso kwa leso. Jerker akamsogezea mkate mmoja aliouoka shangazi mwenyewe. "Kula, shangazi. Umeshahukumiwa."

Kufikia Jumamosi mchana, rekodi thelathini na moja zilikuwa zimepatikana. Solveig alizijaribu moja moja kwa vipokea sauti vya masikioni, na Tuva akausoma uso wake kujua ipi ni nzima. Tisa hazitarudi. Picha za mazishi zimekaa juu yake.

Zilizopona ziko sasa kwenye diski tatu: kwa Solveig, kwa Jerker na kwa Majken. Jumapili Tuva atasikiliza ya kwanza, ghorofa ya pili, pamoja na shangazi yake.