Vyuma vya Kaka Latifu

Siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Zuleha hakuwa akirudi nyumbani moja kwa moja. Masomo yakiisha, alivaa suruali ya michezo na kuukaza mtandio wake usije ukafunguka, kisha yeye na rafiki yake Kudra wakaongozana na wasichana wenzao wa timu ya raga hadi mtaa wa Sofu, hapo hapo Kibaha kwao, kwenye karakana ya Kaka Latifu.

Kaka Latifu alikuwa fundi wa kuchomelea. Mbele ya karakana alitengeneza mageti na madirisha. Nyuma, chini ya paa la bati, alikuwa amejijengea jimu kwa mikono yake. Nondo za kunyanyulia alizikata mwenyewe, na uzito wa kuvisha kwenye nondo ulikuwa wa saruji iliyomiminwa ndani ya makopo ya rangi. Kulikuwa pia na tairi kuukuu la lori na kioo kilichopasuka pembeni. Jioni vijana wa mtaa walikuja kupiga tizi hapo, lakini saa kumi ilikuwa zamu ya wasichana wa shule.

Mwalimu Eugenia, aliyewafundisha raga, alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza.

"Kwa wiki sita za mwanzo hakuna kugusa vyuma," aliwaambia. "Mtatumia mpini wa ufagio. Mkishajua kuchuchumaa na kuinuka mgongo ukiwa umenyooka, ndipo tutaongeza uzito, kidogo kidogo, nami nikiwa nimesimama hapa hapa."

Basi walichuchumaa na kuinuka na mipini mabegani, wakapiga pushapu, wakaruka kamba mpaka vumbi likawapaka miguu. Kudra alihesabu kwa sauti na kuwachekesha wote. Zuleha hakucheka sana. Alikuwa na miaka kumi na minne, mwembamba, mwepesi wa miguu, na kusubiri hakukujua kabisa.

Tena alikuwa na donge lake. Katika raga ya wachezaji saba, watatu wa kila timu hushikana mabega, huinama na kusukumana na watatu wa upande wa pili. Hiyo ndiyo skramu. Yeye alikuwa wa katikati, na katika mechi yao ya kwanza wasichana wa Kisarawe walimsukuma akakaa chini mara tatu mbele ya shule nzima. Sasa walikuwa wanajiandaa kwenda Kisarawe kurudiana, na zilibaki wiki sita. Akiutazama mpini wa ufagio, alijiuliza nani aliwahi kumwangusha mtu kwa mpini wa ufagio.

Jumamosi moja asubuhi alikwenda karakana peke yake.

"Shikamoo, Kaka Latifu."

"Marahaba, Zuleha. Mbona leo peke yako?"

"Mwalimu ameniruhusu kuanza vyuma," alisema Zuleha. "Amesema mimi nimeshaelewa ule mtindo."

Latifu alimtazama kidogo. Hakuwahi kusikia Zuleha akisema uongo, kwa hiyo alimwamini. Alimvishia makopo mawili madogo kwenye nondo, akamsimamia mpaka akamaliza. Zuleha aliondoka akijiona ameongezeka kimo.

Jumamosi iliyofuata, Latifu alipoitwa mbele na mteja aliyekuja kuchukua geti lake, Zuleha alibaki na nondo. Alitazama kule mbele, kisha akaongeza makopo mawili makubwa. Alichuchumaa, akavuta. Nondo iliinuka hadi magotini, mgongo wake ukapinda kama upinde, na hapo hapo kitu kikamkata kiunoni kama kisu. Aliiachia nondo ikaanguka kwa kishindo.

"Vipi huko?" Latifu aliuliza kwa sauti.

"Safi tu, kaka!" alijibu Zuleha, machozi yakimlengalenga.

Nyumbani alipiga magoti ili kuinua ndoo ya maji, maana kuinama hakuweza. Mama yake alimwona.

"Una nini mwanangu?"

"Nimelala vibaya, mama."

Jumatatu hawakwenda karakana. Walifanya mazoezi ya skramu uwanjani. Zuleha alikaa katikati, Kudra kulia kwake, mkono wa kila mmoja umekaza jezi ya mwenzake. Mwalimu Eugenia alipiga filimbi. Waliposukumwa mara ya kwanza Zuleha alivumilia. Mara ya pili maumivu yalimpanda mgongoni, magoti yakalegea, naye akamvuta Kudra chini. Kudra alianguka kifudifudi, shingo ikajipinda, na alipoinuka mdomo wake ulikuwa unatoka damu.

"Kudra!" Mwalimu alikuja mbio. Alimpapasa shingo taratibu, akamwambia aigeuze kulia, kushoto. Alipoona haina tatizo, alishusha pumzi. "Umeteleza. Nimesema mara ngapi, miguu ishike ardhi kwanza? Ungeweza kuvunja shingo yako au ya mwenzako. Kisarawe nitamweka mtu mwingine kwenye nafasi yako."

Kudra mwenyewe alidhani ni kweli. Njiani kurudi nyumbani alitembea na kitambaa mdomoni, akasema polepole, "Nisamehe, Zule. Nilikuangusha. Sijui mguu wangu ulifanyaje."

Zuleha aliangalia barabara, akaongeza mwendo. Siku ile mama alipika wali kwa samaki wa nazi, chakula anachokipenda kuliko vyote. Alikula matonge mawili tu akasukuma sahani. Maumivu ya kiuno aliyaweza. Lile neno "nisamehe" ndilo lililomshinda.

Asubuhi, kabla ya paredi, alikwenda kusimama mlangoni pa ofisi ya walimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ingia. Mbona umekunja uso?"

"Mwalimu, Kudra hakuteleza. Ni mimi." Maneno yakaanza kumtoka yote kwa pamoja, Jumamosi zote mbili, makopo makubwa, uongo aliomwambia Latifu na ule aliomwambia mama. Alipomaliza alikuwa analia.

Mwalimu Eugenia hakumfokea. Aliinuka kitini, akasema, "Nami nimemlaumu mtu asiye na kosa. Twende."

Alimwita Kudra nje ya darasa, akamwomba radhi mbele ya Zuleha. Zuleha naye akaeleza, macho chini. Kudra aligusa mdomo wake uliovimba.

"Wewe mtu wewe," alisema. "Mimi nimekesha nikiutukana mguu wangu, kumbe hauna kosa!" Akacheka, ingawa alijishika mdomo kwa maumivu, na Zuleha akacheka huku kamasi zinamtoka.

Siku hiyo hiyo Zuleha alimweleza mama ukweli, naye akampeleka zahanati. Mganga alisema msuli umevutika, bahati mfupa ni mzima. Wiki tatu asiinue kitu. Kutoka hapo walipitia karakana. Latifu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani yake ya kuchomelea.

"Nilikuamini, Zuleha. Ungevunjika hapa kwangu, mama yako huyu ningemtazama vipi?"

"Nisamehe, kaka. Sitarudia."

"Nimekusamehe. Lakini kuanzia leo mwanafunzi hagusi nondo bila mwalimu wake kuja na miguu yake miwili."

Wiki tatu zilikuwa ndefu. Zuleha aliketi kwenye tairi akiwahesabia wenzake. Kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, alianza kutazama vizuri, akaona jinsi Kudra alivyokuwa akishusha kiuno kabla ya kusukuma, na kwa nini hakuyumba. Alipopona alianza upya, mpini mabegani, na safari hii hakuharakisha hata mara moja.

Siku ya Kisarawe ilifika. Uwanja uko juu kilimani, upepo ulikuwa unavuma na watu wamejipanga pembeni na machungwa yao. Kudra ndiye aliyechezeshwa katikati, Zuleha akakaa na wachezaji wa akiba. Kisarawe walitangulia kufunga, Kibaha wakasawazisha. Zikiwa zimebaki dakika nne, Mwalimu alimgusa bega.

"Mgongo unasemaje? Niambie ukweli."

"Hauumi, Mwalimu. Ila nina woga."

"Huo wote tunao. Ingia kulia kwa Kudra."

Ikaja skramu. Zuleha alishika jezi ya Kudra, akashusha kiuno, akanyoosha mgongo. Wasichana wa Kisarawe walisukuma kwa nguvu zao zote. Watatu wa Kibaha hawakurudi nyuma hata hatua moja. Mpira ulitoka upande wao, na mechi ikaisha sare, Kibaha wakishangilia kama wamechukua kombe.

Baadaye, wakila mihogo ya kukaanga kando ya uwanja, Mwalimu Eugenia aliwatazama wote.

"Nguvu mtazipata," alisema. "Ukifanya mazoezi kwa utaratibu, mwili utazileta wenyewe, wala huna haja ya kuuburuta. Lakini mkiniambia uongo kuhusu miili yenu, nitawapanga pasipo penu, na atakayeumia si lazima awe yule aliyesema uongo. Mwenzako anapokushika bega anakukabidhi shingo yake. Basi mwambie ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba leo huwezi."

Zuleha alimtazama Kudra, ambaye alikuwa ameshika kipande cha mwisho cha muhogo. Kudra alikikata katikati, akampa nusu.