Kifungu cha Sita

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Irakoze alichota maji madumu mawili, akafagia mbele ya nyumba, kisha akamshika babu yake mkono wakaenda kukagua kiwanja cha mpira. Saa hizo baridi ya Kumsenga huwa kali, na ukungu hulala juu ya mashamba ya maharage. Mzee Bazilio hakujali. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili, kwa hiyo alikikagua kiwanja kwa miguu. Alivua kandambili, akatembea pekupeku kutoka goli hadi goli, na kila alipokanyaga shimo la fuko alisimama.

"Hapa, mjukuu wangu. Weka jiwe tukumbuke kufukia."

Watu waliokwenda mashambani walimsalimu kwa Kiha, "Mwakeye, Mwenyekiti!" Naye aliwaitikia mmoja mmoja kwa majina, maana aliwajua wote kwa sauti.

Mzee Bazilio alikuwa mwenyekiti wa klabu ya Umoja tangu ilipoanzishwa. Wakati huo yeye na familia nyingine zilizokimbia vita Burundi walikuwa wageni, na wenyeji waliwatazama kwa mashaka. Mpira ndio uliowakutanisha. Walichanga maharage, debe kwa debe, wakayauza Kibondo, wakanunua magoli ya chuma. Akina mama walifua jezi za kijani kwa zamu. Mtu akifiwa, wachezaji ndio waliochimba kaburi. Ilipofika mwaka uliopita, Umoja ikachukua ubingwa wa wilaya na kupanda ligi ya mkoa. Hapo ndipo alipokuja Bwana Leonidasi.

Leonidasi alizaliwa Kumsenga, akatajirikia Kasulu kwa biashara ya mazao na mabasi. Aliketi kwenye benchi la Mzee Bazilio, akanywa uji waliomkaribisha, akasema kwa upole, "Wazee wangu, ligi ya mkoa ni gharama. Nauli, malazi, waamuzi. Mimi nitabeba yote. Nitawalipa wachezaji mishahara. Nanyi nitawapa milioni tatu za kuanzia. Ila usajili unafungwa Ijumaa, kwa hiyo tutie sahihi kesho."

Wazee walitazamana. Katibu wa klabu, Mwalimu Niyubahwe, ambaye ndiye aliyesoma barua zote za klabu, alikuwa amelazwa hospitalini Kigoma. Mweka hazina, Bi Zaitun mwenye duka, alisoma Kurani vizuri sana, lakini herufi za shuleni hakuwahi kufundishwa, sawa na wazee wengine waliokuwapo.

"Irakoze atatusomea," alisema Mzee Bazilio. "Yuko darasa la sita. Hakosei hata nukta."

Jioni ile Niyibizi, kaka yake Irakoze, alimfuata jikoni. Wawili hao waliishi kwa babu yao tangu mama yao alipofariki. Niyibizi alikuwa mshambuliaji wa Umoja, na karani wa Leonidasi alikuwa amemwonyesha mkataba.

"Dada yangu, kuna kifungu cha sita," alinong'ona. "Ukikisoma, wazee watagoma. Wakigoma, mimi nitabaki kulima muhogo mpaka nizeeke. Nisipolipwa laki mbili kwa mwezi, nani atakulipia sare na daftari ukienda sekondari? Kiruke tu. Nani atajua?"

Usiku kucha Irakoze aliwaza. Aliwaza jina la kaka yake likitajwa redioni, na wenzake darasani wakigeuka kumtazama.

Kesho yake alisimama katikati ya wazee, karatasi mkononi. Alisoma kifungu cha kwanza hadi cha tano kwa sauti nzuri iliyotulia. Kisha macho yake yakaanguka kwenye maneno haya: "Mmiliki, Bwana Leonidasi, atakuwa na haki ya kubadili jina, rangi na makao ya klabu, pamoja na kuchukua vifaa vyake vyote, bila kuhitaji kibali cha wanachama."

Akainua macho. Niyibizi alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Leonidasi naye alikuwa akimtazama.

"Endelea, mjukuu wangu," alisema Mzee Bazilio.

Irakoze akasoma kifungu cha saba.

Mzee Bazilio alichovya kidole kwenye wino akagandamiza karatasi. Bi Zaitun akafuata. Watu wakapiga makofi.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha. Zilikuja jezi mpya na viatu vipya. Zile milioni tatu wazee waliziweka benki, wakingoja katibu apone. Mwezi wa pili likaja lori. Wachezaji sita walipanda na mabegi yao, Niyibizi akiwa mmoja wao; waliobaki waliambiwa hawahitajiki. Kisha vijana wanne wasiojulikana wakashuka na sululu, wakaanza kuchimbua magoli.

"Mnafanya nini?" Bi Zaitun alipiga kelele. "Hayo tuliyanunua kwa maharage yetu!"

"Tumetumwa, mama," alijibu mmoja wao bila kumtazama.

Mzee Bazilio alisikia chuma kikigonga chuma. Lori lilipoondoka alitembea hadi mahali pa goli, akaingiza mguu ndani ya shimo, akasimama hapo muda mrefu.

"Huenda wanayapeleka kupakwa rangi," alisema.

Irakoze alitaka kusema. Akamshika tu mkono wakarudi nyumbani.

Wiki mbili baadaye timu ilikuwa na mechi Kasulu. Mzee Bazilio aliuza debe la maharage, akapata nauli yake na ya mjukuu wake, wakaondoka na basi la alfajiri. Alivaa koti lake la kanisani. Walipofika langoni, kijana mmoja aliwazuia.

"Tiketi, mzee. Elfu tatu kila mtu."

"Mimi ni mwenyekiti," alisema Mzee Bazilio.

"Mwenyekiti wa nini?"

"Wa timu hii. Ya Umoja."

Kijana hakuwa mkorofi. Alitazama tu ratiba yake, akatikisa kichwa. "Hakuna Umoja hapa, mzee wangu. Wanaocheza leo ni Leo Ekspresi, timu ya Bwana Leonidasi."

Fedha waliyobaki nayo ilikuwa ya nauli ya kurudi. Walizunguka uzio wa mabati, wakaketi juu ya tofali upande wa nyuma. Irakoze alipata tundu la msumari, akachungulia.

"Wamevaa jezi gani?" aliuliza Babu.

"Nyeusi na dhahabu."

"Za kijani hazipo?"

"Hazipo, Babu."

Uwanja ulilipuka kwa kelele. Mzee Bazilio alisimama, fimbo juu. "Nani kafunga?"

"Simjui. Ni mgeni."

"Na Niyibizi?"

Irakoze alimtafuta kaka yake hadi akamwona, nyuma ya benchi la akiba, akijaza maji kwenye chupa za wenzake. "Amekaa," alisema. "Anapumzika."

Babu aliketi tena. Hakuuliza swali jingine mpaka mchezo ulipokwisha. Ndani ya basi Irakoze alifungua kinywa mara tatu ili aseme ukweli, na mara tatu akakifunga.

Mwalimu Niyubahwe alirudi kutoka hospitalini mwishoni mwa mwezi, mwembamba kama ufito. Aliomba nakala ya mkataba kutoka Kasulu, kisha akaitisha mkutano wa wanachama katika darasa moja la shule. Watu walijaa hadi madirishani. Alisoma mkataba wote. Alipofika kifungu cha sita, darasa lilivuma.

"Tumeuzwa!" alipaza sauti Ndayikunda, aliyewahi kuwa kipa wa kwanza wa Umoja. "Hicho kidole cha nani pale chini? Mwenyekiti alijua! Amekula hela, ametuuza na magoli yetu!"

"Miaka yote hii tumemwamini!" alisema mwingine.

Mzee Bazilio alisimama polepole.

"Ndugu zangu, sikula hata senti. Kifungu hicho sikukisikia kikisomwa." "Labda kilisomwa. Macho yalikwisha kwenda, huenda na masikio nayo yananiacha. Basi kosa ni langu. Nisameheni."

Baadhi ya watu waliguna. Mzee mmoja alimgeuzia mgongo. Irakoze, aliyekuwa amesimama na watoto wenzake dirishani, alihisi kama kifua kinapasuka. Alipenya katikati ya watu mpaka mbele.

"Masikio ya Babu ni mazima!" alisema kwa sauti iliyokatika. "Sikukisoma. Nilikiona nikakiruka. Nilitaka Niyibizi aajiriwe. Babu hakujua, Bi Zaitun hakujua. Nilijua mimi."

Mzee Bazilio aligeuza uso upande wa sauti yake.

"Ulikiona?"

"Ndiyo, Babu."

"Ukakiruka?"

"Ndiyo, Babu."

Mzee alitafuta mlango kwa fimbo. Irakoze alimkimbilia amshike mkono, lakini alijitoa, akaenda nyumbani peke yake, akijikwaa kwenye mawe. Irakoze alimfuata kwa mbali huku akilia. Ndayikunda naye alitoka, akiwa ameinamisha kichwa kwa aibu.

Kwa siku kumi Babu hakumtuma Irakoze chochote. Alijibu salamu zake, akala chakula alichompikia, basi. Siku ya kumi na moja Niyibizi alirudi na begi lake. Alikuwa amelipwa mwezi mmoja tu, kisha akaambiwa wamepatikana wachezaji bora kutoka Dar es Salaam. Alipiga magoti mbele ya babu yake.

"Ni mimi niliyemshawishi, Babu. Usimbebeshe yeye peke yake."

Mwalimu Niyubahwe, Bi Zaitun na mtendaji wa kata walikwenda Kasulu kuzungumza na Leonidasi. Hakuwafukuza. Aliwaagizia soda, akawaambia, "Nilisaini na watu wazima. Nafasi ya ligi ni yangu, na magoli ni yangu." Alipoulizwa kuhusu jina, alishangaa. "Umoja? Lichukueni. Mimi sina kazi nalo."

Walirudi na jina tu, limeandikwa kwenye karatasi yenye mhuri. Kwa zile milioni tatu zilizokuwa benki waliisajili Umoja upya, katika daraja la chini kabisa. Magoli waliyatengeneza kwa miti ya mkaratusi, Ndayikunda akiwa wa kwanza kushika shoka. Mchezo wa kwanza dhidi ya timu ya Nyabibuye walifungwa mabao manne kwa sifuri. Hakuna redio iliyotangaza. Hata hivyo watu hawakuondoka. Akina mama waliwagawia wachezaji uji, na kipa mdogo aliyekuwa akilia alizungukwa na wazee watatu, kila mmoja akimweleza jinsi alivyowahi kufungwa mabao mengi zaidi.

Mzee Bazilio alimwita Irakoze aketi karibu naye.

"Leonidasi hakutuibia," alisema. "Alitaka kununua, akanunua. Fedha haina ubaya. Hata sisi tuliitamani. Lakini klabu hii haikuwa magoli wala nafasi ya ligi. Ilikuwa ni watu kuaminiana. Kitu hicho Leonidasi asingeweza kukichukua kama mmoja wetu asingekificha kifungu kile. Unanielewa?"

"Naelewa, Babu. Nisamehe."

"Nilikusamehe siku uliposimama mbele ya watu. Ulikuwa na nafasi ya kunyamaza, ukasema. Lakini sitakudanganya, mjukuu wangu. Nimekusamehe, na bado inaniuma. Uongo ukishasamehewa, maumivu yake hayaondoki siku hiyo hiyo. Ndiyo maana mtu husema ukweli mapema, wakati bado unaweza kuokoa kitu."

Irakoze aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka, naye hakuyafuta.