Aliyeitika Saba

Kwenye kona ya tatu ya barabara ya zamani, Fundi alipaza sauti kuhesabu watu wake akapata saba. Walikuwa wameondoka sita.

Hesabu ile ilikuwa kanuni yao. Wapanda baiskeli wakiteremka mlima kwa mstari mmoja, wa mbele hageuki nyuma. Akigeuka, bonde linamngoja. Basi Fundi, ambaye siku zote alitangulia, alikuwa akiita "moja", wa nyuma yake anaitika "mbili", hivyo hivyo mpaka mkiani. Mkiani alikaa mkewe, Mama Pacha, maana mkia hupewa mwenye mapafu, na yeye alikuwa na mapafu ya kuuza. Akishasema "sita", Fundi anajua hakuna aliyebaki mtaroni, anaachia breki.

Siku hiyo baada ya "sita" ya mkewe ikafuata sauti nyingine.

"Saba."

Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa tulivu, kama ya mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri na zamu yake imefika. Fundi alidhani ni mwenyeji wa huko juu aliyeingia njiani akapenda mchezo wao. Hakuwa mtu wa kumnunia mgeni. Akajibu bila kugeuka: "Karibu, Saba. Kaza mwendo, tusikuache."

Chini walipofika, baiskeli zilikuwa sita.

Fundi akauliza nani anayeleta utani kwenye kona. Wote walimtazama shemeji yake, maana huyo hata msibani hutania. Shemeji akaapa kwamba pumzi ya kuita "tatu" nusura imshinde, ya kuita mara ya pili angeitoa wapi. Wakacheka. Mama Pacha hakucheka. Alisema kwamba tangu kona ile alikuwa na mtu mgongoni. Aliisikia tikitiki ya gurudumu la nyuma, ile inayolia mtu akiacha kukanyaga, na alinusa mpira wa breki unaoungua. Alipopunguza mwendo ili huyo mtu apite, naye alipunguza.

Njia ile Fundi aliigundua mwenyewe. Tangu lori lilipomkwangua kiwiko kinyozi wa msafara wao kwenye barabara kuu, alikuwa akitafuta njia zisizo na magari, na kila aliyoipata aliichora kwenye kadibodi la maboksi ya tairi na kuitundika dukani kwake, alikotengeneza baiskeli: hapa pana maji, hapa kokoto, hapa mbwa mkali. Hakuchora njia ambayo hajaikanyaga, na hilo lilikuwa jina lake mjini. Barabara ya zamani ndiyo ilimpa fahari kuliko zote. Ilikuwa na kona thelathini na moja, lami nzima, gari hakuna. Hakujiuliza kwa nini lami nzuri vile haikuwa na hata kinyesi cha mbuzi.

Juma lililofuata Mama Pacha aliomba wapite kwingine. Fundi akapandwa na hasira, na hasira zake zilikuwa jirani. Alisema mchoro umeshatundikwa, watu wanauamini, naye hawezi kuuteremsha kwa sababu ya mwangwi.

"Mwangwi ukiambiwa sita hausemi saba," mkewe akamwambia. Lakini alivaa kofia yake akatoka, kwa kuwa msafara hauendi bila mkia.

Ukungu uliwakuta juu kabisa. Kona ya kwanza watu walikuwa sita, ya pili sita, na Fundi alikwishaanza kutunga maneno ya kumtambia mkewe wakifika chini. Kwenye ya tatu akaita. Mbili, tatu, nne, tano, zilikuja moja baada ya nyingine kama kawaida, kisha ikaja "sita", na haikuwa ya mkewe, ilikuwa ile tulivu, ya mwenye zamu yake, karibu na wazi kabisa, na baada yake kimya kirefu, magurudumu yakilia, maji yakidondoka kwenye miamba, harufu ya mpira ulioungua ikija mbele ingawa upepo ulikuwa unavuma kuelekea nyuma, mpaka kutoka mbali sana, kutoka kwenye kona walizokwisha kuziacha, nyembamba kama ya mtu aliyetumbukia kisimani, ikafika sauti ya Mama Pacha ikisema, "Saba."

Fundi alivunja kanuni. Alifunga breki zote mbili akageuka. Mama Pacha alikuwa pale pale, mgongoni kwa karani wa posta aliyekuwa wa tano, umbali wa mkono. Midomo yake ilikuwa imefumba. Macho yake yalikuwa yakimuuliza mumewe jambo.

Kuanzia siku hiyo sauti yake ikawa haikai naye. Alisimama jikoni akazungumza, na maneno yakasikika uani. Siku ya pili yalisikika nje ya ua, siku ya nne barabarani, na kila mara yakachelewa zaidi, hivi kwamba aliuliza kama chumvi imekolea, akaonja, akaosha mwiko, ndipo swali likaingia dirishani. Hospitali walimulika koo lake wakaona koo zima, wakampa dawa ya kusukutua. Pacha walidhani mama amewatungia mchezo. Kisha asubuhi moja mmoja wao akainua uso kutoka kwenye uji.

"Baba, mama yuko wapi?"

Na mama alikuwa amesimama mbele yake, anamwongezea sukari.

Adhuhuri ile ile midomo yake ilisogea, na hawakusikia neno, si jikoni, si njiani. Dukani, gurudumu lililoning'inia kwenye msumari lilikuwa likijizungusha polepole, tikitiki, tikitiki, na hakukuwa na aliyeligusa.

Aliyeingia wakati huo kuzibiwa pancha alikuwa mzee mmoja aliyestaafu unyapara wa barabara. Aliutazama mchoro ukutani kwa muda mrefu. Halafu akauliza, taratibu, kama aliyekuwa anajua jibu, kama huko juu waliwahi kuhesabiana.

Fundi akamweleza yote, bila kujitetea. Mnyapara akakaa kwenye kreti. Alisema walipoijenga ile barabara hawakuhesabiana kwa sauti hata siku moja. Kila kibarua alichonga alama yake kwenye mpini wa sepetu, na jioni mnyapara alizitazama sepetu zilizoegeshwa. Isiyokuwepo, mwenyewe anatafutwa. Hivyo ndivyo alivyowarudisha watu wake wote nyumbani kwa miaka minne. Kisha akaja msimamizi mpya mwenye daftari la majina, akasema huo ni ushamba, akaanza kuwaita watu kwa sauti, na si wote waliorudi.

"Lile jini halitaki damu," akasema. "Ni la barabara. Linataka nafasi kwenye mstari, na wewe umelikaribisha."

"Nilidhani ni mtu."

"Ndiyo maana limewapenda."

Kisha akampa dawa, na ilikuwa fupi. Mke atangulie, mume akae mkiani. Wateremke mchana kona zote, na Fundi asihesabu, asiitike, asigeuke. Mama Pacha akilipita jiwe la mwisho la barabara, sauti yake itarudi.

"Na mimi?"

Mnyapara alitazama mikono yake. "Mkia hauachwi wazi, mwanangu. Na ukimwita mkeo, atarudi kukufuata. Akirudi, usije kwangu tena."

Fundi, aliyejisifu maisha yake yote kwamba kwake nyeusi ni nyeusi na nyeupe ni nyeupe, alirudi nyumbani akamdanganya mkewe kwa mara ya kwanza tangu amwoe. Alimwambia ni kupishana nafasi tu. Waliwaacha pacha kwa mjomba wao, na saa nne asubuhi, jua kali, wakaanza kuteremka.

Kona ya tatu tikitiki ikamkaa mgongoni. Kona ya tisa ikamhesabia, kwa adabu, "moja", "mbili", ikanyamaza, ikimwachia nafasi ya kuitika. Alikaza meno. Kona ya ishirini ikalia kwa sauti ya mkewe kwamba breki zimekatika, kwamba anaanguka, kwamba yeye ni mume gani, na Fundi akamkazia macho Mama Pacha mbele yake, mgongo umenyooka, breki nzima, akashuka na machozi yakimpeperuka hadi masikioni. Kona ya thelathini ikamwita kwa sauti za pacha. Hapo nusura ageuke.

Mama Pacha akalipita jiwe.

"Alhamdulillahi," akasema, na neno likatoka kinywani mwake, zima, la moto, palepale. Hakusimama; ng'ambo ya jiwe njia ya mjini ilikuwa bado inashuka kwa kona. "Baba Pacha, unanisikia? Upo?"

"Nipo."

Ilikuwa sauti ya Fundi, na mikwaruzo yake yote. Midomo ya Fundi ilikuwa imefumba. Sauti ilitokea katikati yao, pale ambapo hapakuwa na mtu.

Mama Pacha akaanza kumwaga maneno ya siku zote zile. Alisema wapitie mkate, kwamba pacha watafurahi, kwamba shemeji ataringa yeye ndiye aliyeombea. Na ile sauti ikamjibu vizuri kila alipouliza, hata ikapandwa na hasira pale ambapo Fundi mwenyewe angepandwa na hasira. Fundi alikanyaga kwa nguvu zote alizonazo. Mkewe alikuwa mbali kona moja. Alikanyaga tena, naye akawa mbali kona mbili.

Alijaribu koo lake kwa kukohoa kidogo. Lilikuwa bado na sauti. Angeita mara moja tu, Mama Pacha angesikia, angefunga breki na kurudi juu mlima wote ule, maana hakuwahi kumwacha mtu nyuma.

Alivuta pumzi ikajaa kifuani.

Kule chini mkewe alicheka kwa kitu alichoambiwa. Fundi akaimeza pumzi ile, akaacha kukanyaga, na gurudumu lake likaanza kulia, tikitiki.