Mrija wa Fundi wa Sakaimachi

Boya la kioo lilitoka mlangoni mwa karakana likibingirika, likavuka kijia cha mawe, likashika mteremko wa Mtaa wa Sakaimachi huku watalii wakiruka pembeni kwa vicheko. Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, na chini ya mapaa ya maghala ya kale ya wafanyabiashara wa Otaru, kaskazini mwa Japani, kengele za kioo zililia kwa kila pumzi ya upepo.

"Lizuieni! Tafadhalini, lizuieni!"

Kijana aliyefunga kitambaa cheupe kichwani alilifuata mbio, shati limemganda mgongoni. Mbele yake, msichana aliyevaa kimono chepesi cha pamba, cha samawati chenye maua meupe, alikusanya pindo kwa mkono mmoja, akachuchumaa, akalidaka boya kama mtu anayemdaka kuku mtoro.

"Halijavunjika!" alisema kwa mshangao.

"Maboya hutengenezwa yapambane na mawimbi, dada. Haya hayavunjiki ovyo. Ambaye angevunjwa ni mimi, na wa kunivunja ni mzee mwenye karakana."

"Kumbe niliyemwokoa ni wewe, si boya?"

"Ni mimi. Asante sana." Aliinama kwa bidii hata kitambaa kikamdondoka, na msichana akacheka akiwa amefunika mdomo.

Jina lake Kanae, karani wa benki mjini Sapporo, aliyekuja kutafuta bilauri za kumzawadia mama yake. Kijana, Shuntaro, alikuwa fundi wa kupuliza kioo. Bilauri zilipatikana upesi, lakini Kanae alizigeuzageuza mpaka duka likakaribia kufungwa, na Shuntaro hakumharakisha. Tangu siku hiyo simu ikawa haitulii.

"Umekula?"

"Nimekula, mpenzi."

"Nini?"

"Tambi za kikombe."

"Shuntaro! Hicho si chakula, hiyo ni adhabu."

"Basi njoo unisamehe Jumapili."

Kanae alikwenda. Walikaa kando ya mfereji wakila mahindi ya kuchoma yaliyopakwa siagi, na Shuntaro alipoweka chini chupa yake ya chai, Kanae aliichukua, akanywa bila kuifuta. Wote wawili wakayakazia macho maji. Kule, tangu shule ya msingi, kila mtoto anajua kwamba aliyekunywa katika chupa ya mwenzake amembusu.

"Unajua ulichofanya?" Shuntaro aliuliza hatimaye.

"Nimekunywa chai."

"Chai yenyewe ilikuwa na busu ndani yake."

"Ndiyo maana ikawa tamu, bwana wee."

Theluji ilipoanza kuanguka, benki ilitaka kumhamishia Kanae Hakodate. Meneja alimpa hadi Jumatatu aseme kama anakubali. Kutoka Hakodate hadi Otaru si safari ya kwenda kula mahindi na kurudi. Kanae alijua kwamba akikubali, mapenzi yao yatabaki ya simu, na mapenzi ya simu huchoka. Jumamosi alipanda treni ya Otaru bila kumwarifu Shuntaro, amevaa koti la sufu la rangi ya kahawia, moyoni ana swali moja tu: Je, nina sababu ya kukataa?

Alifika karakanani, akachungulia dirishani. Shuntaro alichomoa mrija wa chuma tanurini, kioo kikiwaka nchani kama kaa la moto, akauweka mdomoni, akapuliza. Kisha akaketi kwenye benchi, akauvingirisha. Papo hapo mwanamke mmoja aliyejifunga kilemba chekundu akapiga magoti, akaweka midomo pale pale palipotoka midomo ya Shuntaro, akapuliza. Shuntaro akatabasamu, akamwashiria kwa kichwa. Mwanamke akapuliza tena.

Kanae hakugonga mlango. Alirudi stesheni, machozi yakimganda mashavuni.

Jioni simu iliita mara nyingi kabla hajaipokea.

"Mpenzi, kulikoni? Nilidhani umeugua."

"Kamwulize mwenzio wa mrija."

"Mrija upi?"

"Ule mnaobusiania!" Akakata.

Shuntaro alibaki ameshika simu kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Bi. Tomoe, fundi mwenzake, aliyekuwa akifungua kilemba chake chekundu, alipoelezwa alicheka hadi akashikilia meza.

"Mwenzio wa mrija ni mimi! Nipe namba ya huyo binti."

Kanae alisikia sauti nzito ya mwanamke asiyemjua.

"Binti, mimi ni Tomoe. Mume wangu anaendesha gari la kuzoa theluji, nyumbani nina watoto watatu. Mrija ule hupita mdomoni mwangu, mwa Shuntaro, na mwa mzee wetu ambaye meno yake hulala kwenye bilauri. Ikiwa kile ni busu, basi karakana nzima tumeoana."

Kanae akatoa kicheko kilichochanganyika na kilio.

"Mbona hakunieleza?"

"Wewe umewahi kumweleza kwamba benki mnaazimana kalamu? Anayevingirisha hawezi kupuliza, na kioo hakingoji. Ndiyo kazi yetu."

"Dada Tomoe, nisamehe."

"Mimi sijaudhika hata kidogo. Wa kuombwa radhi ni huyu hapa, ameacha hata hizo tambi zake."

Jumapili asubuhi Kanae alisukuma mlango wa karakana, mabega yamejaa theluji. Shuntaro alikuwa mbele ya tanuri akizungusha mrija. Alimwona, lakini mikono haikusimama, maana kioo cha moto kisipozungushwa hudondoka kama asali.

Kanae aliinama mpaka nywele zikafika magotini; na kwa adabu ya kwao, anayeinamiwa sharti ainame pia. "Nilikuhukumu kabla ya kukusikiliza. Naomba radhi."

"Inuka, Kanae! Inuka jamani, mimi siwezi kukuinamia!"

"Siinuki mpaka unisamehe."

"Nimekusamehe! Kioo hiki kitaanguka!"

"Na kesho natakiwa kuijibu benki kama nahamia Hakodate."

"Hakodate?" Mikono ikasimama. Kioo kikaanza kuning'inia.

"Lete hapa, mjinga wewe!" Bi. Tomoe aliupokonya mrija, akauzungusha. "Mwinamie mwenzio!"

Shuntaro aliinama ghafla, nusura vichwa vigongane. Wakawa wameinama hivyo, kila mmoja akiyatazama majivu sakafuni.

"Usiende," alisema. "Ukilazimika, nenda ukiwa mke wangu, nami nitakufuata kila mapumziko, treni ya kwanza ya asubuhi."

"Hiyo ni posa au ratiba ya treni?"

"Ni posa. Nataka kukuoa, Kanae."

"Basi kesho nitaiambia benki kwamba sihami."

Walipoinuka, nyuso zao zilikuwa zimelowa, wala joto la tanuri halikuwa la kulaumiwa. Bila kuambizana waligeuka pamoja, wakamwinamia Bi. Tomoe.

"Dada, asante. Kama si simu yako, tungepoteana. Asante sana."

Adabu ilimtaka Bi. Tomoe ainame pia. Lakini mrija ulikuwa mikononi, jasho linamchuruzika puani, na kioo hakijui adabu.

"Jamani, mimi nifanyeje?" alilalamika akizungusha. "Nimepokea, nimepokea! Inukeni, kioo kinapoa!"

Hawakuinuka. Walikuwa bado hawajamaliza kushukuru.